Naamani Hakusafiri Peke Yake

SOMO LA JUMA

Maandiko ya kusoma: 2 Wafalme 5:1-19, 1 Wafalme 19:1-18, 1 Wakorintho 10:23-31, Mathayo 11:28-30

Lengo la somo: Kujua namna ya kuipima safari ya kutafuta uponyaji, na wajibu wa kanisa kwa mtu anayetaka kuifunga safari hiyo.



Somo la juma hili limetokana na swali ambalo limezunguka kati yetu tangu mwezi uliopita. Wengine wameniuliza kwa sauti, wengine kwa minong'ono pale nje baada ya ibada. Swali ni hili: je, mtu aliyeokoka anaweza kusafiri peke yake mpaka India kusomea yoga, ili apate uponyaji?

Najua swali limetoka wapi. Yupo binti mmoja katika ushirika wetu aliyepanga safari hiyo, na mimi ni mama yake mdogo. Amenipa ruhusa niandike mradi nisimtaje jina. Hola ni mji mdogo na wengi mnamjua, lakini naomba tumheshimu katika hilo. Nimekubali kuandika kwa sababu minong'ono haijawahi kumponya mtu, na kwa sababu swali lenyewe ni zuri. Linastahili jibu la Biblia, si jibu la kibarazani.

Haya, tufungue maandiko.

1. KUSAFIRI KUTAFUTA UPONYAJI SI DHAMBI

Naamani alikuwa jemadari wa Shamu, mtu mkubwa, mshindi wa vita, lakini alikuwa na ukoma. Dawa haikupatikana kwao. Msichana mdogo, mateka kutoka Israeli, ndiye aliyemwambia bibi yake kwamba yuko nabii Samaria. Naamani akafunga safari kwenda nchi ya kigeni, tena nchi ambayo jeshi lake lilikuwa likiishambulia. Alibeba talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu na mavazi kumi. Ukisoma sura nzima hutaona mahali Mungu alipomkemea kwa kuvuka mpaka.

Na sisi tumezoea safari za namna hiyo. Mtu akiambiwa figo zimekufa, au moyo una tundu, au saratani imeenea, hatua inayofuata tunaijua: kamati ya harambee, kadi za mchango, namba ya M-Pesa inatangazwa kanisani, na mgonjwa anapelekwa India, Chennai au Delhi au Mumbai. Hakuna anayeuliza kama daktari atakayempasua anamwamini Yesu. Tunachanga, tunaomba, tunamsindikiza, na siku akirudi tunampokea kwa vigelegele.

Sasa nawauliza kwa upendo. Mbona kwa figo tunachanga, na kwa moyo uliovunjika mtu anasafiri peke yake tena kwa kujificha? Moyo uliopondeka nao ni ugonjwa. Biblia inautaja mara nyingi. Kwa hiyo tusianze na lawama kwamba binti anataka kwenda mbali. Tuanze kwa kuuliza anakokwenda kuna nini.

2. YOGA NI NINI HASA?

Nimesoma na nimeuliza, maana mwalimu hafundishi kwa tetesi.

Yoga ni mafundisho ya kale ya India. Wengi tunayaona kwenye simu kama mazoezi ya kujinyoosha: mtu amekaa mkekani, amekunja miguu, amefumba macho, anavuta pumzi polepole. Hiyo ni sehemu tu. Katika kitabu cha kale kinachohusishwa na mwalimu aitwaye Patanjali, yoga ina matawi manane, na mikao ya mwili ni tawi moja kati ya hayo manane. Mengine ni maadili, nidhamu ya nafsi, pumzi, kutuliza milango ya fahamu, kukaza fikra, kutafakari, na mwisho kuzama kabisa katika utulivu. Kwa asili yake basi, yoga ni njia ya kiroho na wala si michezo tu.

Mji unaojulikana zaidi kwa mafunzo hayo ni Rishikesh, kaskazini mwa India, kando ya mto Ganges ambao Wahindu wanauona mtakatifu. Mji huo ulipata sifa duniani mwaka 1968, wanamuziki wa Uingereza waitwao Beatles walipokwenda kukaa kwa guru mmoja. Leo watu wa mataifa yote huenda huko. Mafunzo ya kuwa mwalimu kwa kawaida ni ya saa 200, yanayomalizika kwa wiki tatu au nne. Umoja wa Mataifa nao ulitenga tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga duniani, na iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015.

Hapa Kenya pia ipo. Nairobi kuna shirika la Africa Yoga Project ambalo tangu mwaka 2007 limefundisha vijana, wengi wao wa mitaa ya mabanda, kuwa walimu wa mazoezi hayo na kupata riziki. Hata Lamu, jirani zetu hapo baada ya Garsen na Witu, wageni huja kufanya yoga ufuoni Shela. Kwa hiyo jambo hili haliko mbali nasi kama tunavyodhani.

Je, linasaidia? Tuseme kweli. Madaktari wamechunguza na kuona kwamba mazoezi haya huweza kupunguza maumivu ya mgongo ya muda mrefu, na kuvuta pumzi taratibu hutuliza mwili wenye wasiwasi. Mungu ndiye aliyeuumba mwili hivyo. Pumzi si mali ya dini yoyote. Tulipuliziwa puani tangu Mwanzo 2.

Na neno lenyewe yoga, katika lugha ya Kisanskriti, lina mzizi wenye maana ya kuunganisha, kufunga pamoja kwa nira. Neno la Kiingereza la nira limetoka katika asili hiyo hiyo. Lishike neno hilo, nira. Tutalirudia.

3. NYAMA YA SOKONI NA MEZA YA MADHABAHU

Wakorintho walikuwa na shida inayofanana na yetu. Nyama nyingi iliyouzwa mjini ilikuwa imepitia hekalu la sanamu. Je, Mkristo ale? Paulo akawajibu kwa kutenganisha mambo mawili. Nyama inayouzwa sokoni, kula bila kuhojihoji, maana dunia yote ni mali ya Bwana. Lakini ukiambiwa waziwazi kwamba hii imetolewa sadaka kwa sanamu, usile. Na kukaa kwenye meza ya madhabahu ile ni jambo jingine kabisa. Huwezi kushiriki meza mbili.

Tuitumie kanuni hiyo.

Kunyoosha mgongo ni nyama ya sokoni. Kuvuta pumzi ukahesabu mpaka nne ni nyama ya sokoni. Mama aliyeinama shambani tangu asubuhi akijinyoosha jioni mkekani, hajamkosea Mungu kwa sababu tu mkao ule una jina la Kihindi.

Lakini shule nyingi za Rishikesh hufungua mafunzo kwa ibada ya moto na maua mbele ya sanamu. Kuna mantra zinazoimbwa alfajiri, na baadhi ya mantra hizo ni majina ya miungu. Kuna mfululizo wa mikao unaoitwa salamu kwa jua. Hapo hatuko tena buchani, wapendwa. Hapo tumekaribishwa mezani.

Naamani alilijua jambo hili. Baada ya kupona alimwambia Elisha kwamba akirudi kwao, mfalme wake ataingia hekalu la Rimoni akiegemea mkono wake, naye itambidi ainame. Aliuliza waziwazi, kabla hajaondoka, mbele ya mtu wa Mungu. Elisha hakumkemea, wala hakumpa somo refu; alimwambia aende kwa amani. Ninachotaka tukione ni kwamba Naamani alimpeleka Rimoni mezani pa mazungumzo. Hakumficha mfukoni.

Ndicho nilichomwambia binti yetu. Waandikie shule, waulize: siku inaanzaje? Kuna ibada? Nikikaa kando nisishiriki, mtaniruhusu? Aliwaandikia. Wakamjibu kwa adabu kwamba ibada ya ufunguzi ni sehemu ya mafunzo, ila asiyependa anaweza kukaa nyuma akatazama. Nawapa heshima kwa kusema kweli. Na mimi ushauri wangu nikautoa bila kuzunguka: kama ni kujifunza mazoezi ili yawe kazi yako, Nairobi ni karibu na wako wanaofundisha bila ibada. Lakini usiende kutafuta uponyaji wa moyo mahali ambapo kila asubuhi inafunguliwa kwa sala usiyoweza kuitikia amina. Utaweza kukaa nyuma siku ya kwanza. Siku ya ishirini, ukiwa umechoka, una huzuni na huna mwenzako, utakaa wapi?

4. HATARI KUBWA IKO KWENYE NENO "PEKE YAKE"

Nikifikiria safari hii, neno lililoninyima usingizi halikuwa yoga. Lilikuwa "peke yake".

Tumtazame tena Naamani. Alipofika kwa Elisha, nabii hakutoka hata nje. Alituma mtu amwambie akaoge Yordani mara saba. Naamani akakasirika. Kwao Dameski kuna Abana na Farpari, mito mizuri kuliko maji yote ya Israeli. Ni kama umwambie mtu wa Hola auache mto Tana akaoge kwenye kijito. Akageuka aende zake na ukoma wake.

Nani aliyemwokoa hapo? Elisha hakumfuata. Walikuwa ni watumishi wake. Walimkaribia, wakamwita baba, wakamwuliza kwa upole kama angekataa iwapo nabii angemwagiza jambo gumu. Sasa ni kuoga tu. Akashuka mtoni. Mnaona? Kama Naamani angesafiri peke yake, angerudi kwao na ukoma, njia nzima akinung'unika. Uponyaji ulikuwa Yordani, lakini waliomfikisha majini ni wenzake.

Sasa mtazame Eliya. Yezebeli ameapa kumwua. Eliya anakimbia, anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake hapo, kisha anaingia jangwani mwendo wa siku nzima, peke yake. Mstari unaofuata anaomba afe. Kwa mtu mwenye jeraha, kutoka kumwacha mwenzake mpaka kutamani kufa ni hatua fupi sana.

Na Mungu alimtibuje? Hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji. Akala, akalala tena. Akagusuliwa mara ya pili, akala tena. Kwanza usingizi na chakula, ndipo safari ya Horebu, ndipo ile sauti ndogo ya utulivu. Wenye haraka ya kumwambia kila mwenye huzuni "funga uombe" waisome tena sura hii. Eliya alilishwa kwanza. Na pale Horebu, baada ya upepo na tetemeko na moto, alipolalamika kwamba amebaki peke yake, Mungu alimrudisha alikotoka, akampa Elisha awe mwenzake, na akamwambia wako elfu saba ambao hakuwa akiwahesabu.

Hatari ya kuwa peke yako mbele ya mtu anayejiita mponyaji ni kweli kabisa. Mwaka 2018 mahakama ya Jodhpur, India, ilimhukumu kifungo cha maisha Asaram, kiongozi maarufu wa ashram mwenye wafuasi wengi sana, kwa kumbaka msichana ambaye wazazi wake walimwamini.

Lakini wapendwa, tusiinyoshee India kidole kabla ya kujitazama. Shakahola si India. Shakahola iko Kilifi, jirani zetu, na mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule. Watu walisafiri kutoka kaunti mbalimbali, wengine na watoto, wakitafuta wokovu, na Biblia mkononi. Waliambiwa waache shule, waache hospitali, waache jamaa zao. Kabla ya njaa kuwaua, walikuwa wamekwisha kukatwa na watu wao.

Kwa hiyo kipimo kimoja kinafaa kwa kila mponyaji, awe guru, mganga, nabii au mchungaji: je, anakurudisha kwa watu wako au anakukata nao? Elisha alimponya Naamani akamrudisha kwao, na hakuchukua hata shilingi. Mtu anayekuambia usimpigie mama yako simu, utupe dawa zako, usimweleze mtu kinachoendelea humu ndani, mkimbie. Mkimbie hata kama ananena kwa lugha.

5. ALICHOKUWA ANAKITAFUTA

Siku alipokuja kwangu na simu yake kunionyesha ile shule, aliniuliza, "Mama mdogo, nikienda nitakuwa nimemkana Yesu?"

Nikamwambia, "Mwanangu, kabla sijakujibu, niambie unakwenda kutafuta nini."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nataka mahali nilie mpaka nimalize, bila mtu kuniambia nyamaza."

Wengine mnajua, alijifungua mtoto ambaye hakulia. Kwa kuwa mtoto hakulia, hakukuwa na matanga. Watu walipita siku moja, wakasema ni mpango wa Mungu, wakasema bado msichana, atapata mwingine, wakaenda. Alibaki na sanduku la nguo ndogo alizokuwa amenunua. Alilificha chini ya kitanda. Mwezi wa Novemba 2023, Tana ilipofurika, maji yaliingia nyumbani na sanduku likaenda. Wakati wa kuhesabu hasara, kila mtu aliandika migomba, mahindi, mbuzi. Yeye angeandika nini? Tangu hapo usingizi ulimwacha. Ndipo akaona kwenye simu wanawake wamekaa kimya kando ya mto, na mtu anawaambia vuteni pumzi, mko salama.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Ni kweli, lakini ukitazama vizuri, huyu hakuficha. Maradhi yake yalikuwa wazi, hakuna aliyeuliza.

Someni Yakobo 5:14. Aliye mgonjwa anaambiwa awaite wazee wa kanisa, nao waje wamwombee. Mwaona nani anasafiri hapo? Mgonjwa hasafiri. Wazee ndio wanaosafiri. Ukumbi wa uponyaji katika Agano Jipya mara nyingine ni nyumbani kwa mtu, kando ya kitanda chake.

Na utulivu ule anaoutafuta, sisi si wageni nao. Zaburi ya 131 ni fupi, mistari mitatu tu, na inasema habari ya nafsi iliyotulia kama mtoto aliyeachishwa ziwa akiwa kwa mama yake. Watu wa mto huu tunaijua picha hiyo kuliko wengi. Wimbo wa Taifa wa Kenya, tunaousimamia kwa heshima tangu 1963, sauti yake imetokana na wimbo wa mama Mpokomo wa kumbembeleza mtoto. Nchi nzima inasimama wima kwa sauti iliyotungwa ya kumlaza mtoto pajani, huku kwetu Tana. Tukishindwa kumbembeleza mmoja wetu mpaka aende ng'ambo kubembelezwa na wageni, tusimlaumu yeye peke yake.

Sasa turudi kwenye nira. Wale mliolima kwa plau ya ng'ombe mnajua nira ni kitu gani: mti unaolazwa juu ya shingo za ng'ombe wawili. Wawili! Haifungwi ng'ombe mmoja. Yesu anapowaita waliochoka na waliolemewa katika Mathayo 11, hawaambii waweke mizigo chini waende zao. Anawaambia wajitie nira yake, kisha watapata raha nafsini mwao. Maana yake upande wa pili wa nira yuko yeye. Na Wagalatia 6:2 inatuambia tuchukuliane mizigo. Uponyaji wa Kikristo una nira ndani yake: shingo mbili, mwendo mmoja.

6. TUFANYE NINI?

Kwa anayetaka kusafiri:

Kwanza, sema. Mwambie mtu mmoja mzima anayekupenda unakokwenda na kwa nini. Acha naye anwani ya mahali, namba za simu, na siku ya kurudi. India wametutangulia saa mbili na nusu. Pangeni saa ya kupigiana simu na muishike.

Pili, uliza kabla ya kulipa. Siku inaanzaje, nani anafundisha, wanawake wanalala wapi, ukitaka kuondoka katikati itakuwaje.

Tatu, timiza sheria. Viza ya utalii inayoombwa kwa intaneti huruhusu mafunzo mafupi ya yoga, na kutoka Kenya utatakiwa kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku kumi kabla ya kusafiri. Kenya ina ubalozi New Delhi, ujue ulipo.

Nne, usiache dawa wala daktari. Huzuni isiyokwisha, kukosa usingizi kwa miezi, kutamani kufa, hayo ni mambo ya hospitali pamoja na maombi. Kukaa kimya na fikra zako siku nyingi ugenini kunaweza kumzidishia mtu jeraha badala ya kulifunga.

Tano, usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujalitafuta lililo mbali, hakikisha umelijaribu lililo karibu.

Kwa kanisa:

Mtu akipoteza mimba au mtoto mchanga, tumwendee kama tunavyowaendea wafiwa wengine. Tukae. Tusimhimize. Tusimwambie atapata mwingine. Tumuulize jina la mtoto.

Na mtu akisafiri, kwa ushauri wetu au bila ushauri wetu, tusikate simu zake. Baba wa mwana mpotevu aliendelea kutazama njia.

Mtauliza, binti yetu ameamua nini? Tiketi hajakata. Sikumkataza, ni mtu mzima na pesa ni zake, za chama na za biashara yake. Amesema safari inaweza kungoja. Mwezi huu ameanza kuonana na mshauri hospitalini. Na kila Alhamisi jioni akina mama wanne tunakaa naye chini ya mwembe nyumbani kwangu. Sharti letu ni moja: hakuna kumwambia mwenzako nyamaza. Kuna siku tunaomba kwa sauti, kuna siku tunakaa tu, tunavuta pumzi, tunasikiliza ndege. Alhamisi ya tatu alitutajia jina alilokuwa amempangia mtoto wake. Miaka miwili, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Pengine ataenda India siku moja. Akienda, ataenda akiwa na watu wanne wanaojua ndege yake inatua saa ngapi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA SHIRIKA ZA NYUMBANI

1. Katika 2 Wafalme 5, ni watu wangapi walichangia uponyaji wa Naamani? Wataje mmoja mmoja, pamoja na wasiotajwa majina.

2. Kwa nini Mungu alimlisha Eliya kabla ya kusema naye?

3. Katika mambo tunayoyatumia kutuliza mwili na akili, yapi ni nyama ya sokoni na yapi ni meza ya madhabahu? Tumia 1 Wakorintho 10 kujibu.

4. Je, kuna mtu katika shirika yenu ambaye msiba wake haukupata matanga? Mtamwendea lini? Andikeni siku.

TUOMBE

Baba, tunawaombea wote waliobeba majeraha yasiyoonekana, walioko hapa Hola, Garsen na vijijini kando ya mto, na walioko ugenini. Wanaosafiri, uwalinde na kila mkono unaojifanya wa kuponya huku unafunga. Waliobaki, uwape wa kukaa nao. Utufundishe sisi kanisa lako kuuliza kabla ya kuhukumu, na kukaa kabla ya kusema. Utuweke chini ya nira yako, tusitembee peke yetu. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.